MTOTO KIZIWI NA UCHAGUZI WA WAZAZI WAKE

Katika kila watoto 100 wazaliwao viziwi, zaidi ya 90 huzaliwa na wazazi wasikiao. Katika nyumba nyingi za namna hiyo hapakumbukwi kiziwi hata mmoja, wala baba na mama hawajapata kuzungumza na kiziwi maishani mwao. Ghafula yawapasa kuamua mambo makubwa kwa ajili ya mtoto ambaye maisha yake hawayajui. Je, afundishwe kusema kwa kinywa, au kwa ishara? Akae nyumbani, au apelekwe shule ya bweni? Avalishwe chombo sikioni, au apasuliwe? Tena mengi ya hayo huamuliwa kabla mtoto mwenyewe hajaweza kuulizwa neno lolote.

Somo hili laeleza jinsi uchaguzi huo ulivyofanywa mahali mbalimbali, na hasara iliyopatikana pale ulipofanywa vibaya. Liko jambo moja ambalo wazazi hawana budi kulitanguliza. Kitu ambacho mtoto kiziwi yumo katika hatari ya kukikosa, na ambacho akikikosa ameangamia, si sauti, bali ni lugha. Sauti ikikosekana, lugha yaweza kupatikana kwa njia nyingine. Lakini miaka ya utoto ambayo lugha hujifunzwa ikipita, hairudi.

Uziwi Watoka Wapi

Mwaka 2021 Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba watoto milioni 34 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Shirika hilo lilisema pia kwamba karibu sehemu 60 katika 100 za upungufu huo kwa watoto zingeweza kuzuiwa. Mtoto aweza kuwa kiziwi kwa kuwa mama yake aliugua rubela alipokuwa na mimba, au kwa kuwa mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa ugonjwa mkali wa manjano katika siku zake za kwanza. Wengine husikia vizuri mpaka wapatwe na homa ya uti wa mgongo, surua, au matubwitubwi. Wengine huharibiwa masikio na dawa kali zilizotumiwa pasipo uangalizi wa daktari, na wengine na usaha wa masikio ulioachwa miaka mingi bila kutibiwa.

Wako pia waurithio uziwi. Baba na mama waweza wote wawili kusikia vizuri, na huku kila mmoja anachukua katika damu ya ukoo wake mbegu ya uziwi isiyoonekana. Mbegu hizo mbili zikikutana katika mtoto mmoja, mtoto huyo huwa kiziwi. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuzaa kiziwi. Ndiyo sababu kiziwi aweza kutokea katika nyumba ambayo hata babu wa babu hawakumjua kiziwi.

Basi ni wazi kwamba uziwi si laana ya wazee, wala si uchawi wa jirani, wala si adhabu ya kosa la mama. Yafaa jambo hili lisemwe waziwazi, kwa kuwa mara nyingi mama ndiye alaumiwaye, na ugomvi wa nani mwenye hatia hula ule wakati ambao ungetumiwa kumsaidia mtoto.

Mtoto Asiyesikia na Mtoto Asiyetii

Katika Kiswahili neno “kusikia” lina kazi nyingi. Mtu husikia sauti, husikia njaa, husikia baridi. Na mtoto mtiifu husifiwa kuwa ni msikivu. Mtoto mkaidi naye husemwa kwamba “hasikii”, na wazee humwonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maneno haya ni mazuri, lakini yamewaponza watoto wengi viziwi. Mtoto wa miaka 2 aitwa, asigeuke. Atumwa maji, asiende. Akatazwa asiguse moto, naye aguse. Watu husema kwamba hasikii, kumbe wasema kweli kuliko wanavyojua. Naye huchapwa kwa kosa asilolijua.

Mzazi mwenye shaka aweza kujaribu nyumbani. Mtoto akiwa ametulia na kutazama upande mwingine, mtu asimame nyuma yake apige sufuria kwa kijiko, akiangalia kivuli chake kisionekane, na sakafu isitikisike. Mtoto asiposhtuka mara kadhaa, apelekwe hospitali akapimwe kwa vyombo vilivyo sahihi. Jaribio la nyumbani halitoshi kumhakikishia mtu, kwa maana wako watoto wasikiao sauti nzito wasisikie nyembamba. Vipo vyombo viwezavyo kupima hata mtoto aliyezaliwa jana. Haina haja kungoja mpaka afikie umri wa kusema.

Jina la “bubu” nalo limeleta upotovu. Mtoto kiziwi kwa kawaida ana koo zima, ulimi mzima na pafu zima. Hasemi kwa sababu hajapata kusikia maneno ya kuiga. Wala jina “kiziwi” lenyewe halimtoi mtu katika utu. Ni kweli kwamba lasimama katika safu moja na kipofu, kiwete na kilema, lakini mwenye kujua Kiswahili hasemi “kiziwi kimekuja”. Husema “kiziwi amekuja”, kama asemavyo kijana amekuja, au kiongozi amekuja. Lugha yenyewe yamhesabu kuwa mtu kamili.

Midomo na Mikono

Tangu zamani walimu wa viziwi wamegawanyika njia mbili. Karibu na mwaka 1760 padre mmoja Mfaransa, Charles-Michel de l’Épée, alianza kuwafundisha viziwi mjini Paris kwa kutumia ishara, akianzia na zile walizokuwa nazo viziwi wenyewe. Mwaka 1778 Samuel Heinicke alifungua shule mjini Leipzig, Ujerumani, akashika njia ya kuwafundisha kusema kwa kinywa na kutazama midomo ya wasemao. Mfaransa kiziwi aliyesoma Paris, Laurent Clerc, alisafiri hadi Marekani, na mwaka 1817 yeye na Thomas Hopkins Gallaudet walifungua shule ya viziwi huko Hartford kwa njia ya ishara. Ndiyo maana lugha ya ishara ya Marekani ina udugu na ile ya Ufaransa, nayo yatofautiana sana na ile ya Uingereza, ingawa Waamerika na Waingereza husema Kiingereza wote.

Mwezi wa Septemba 1880 walimu walikutana Milan, Italia, kuamua ni njia ipi iliyo bora. Wajumbe walikuwa 164, na kati yao kiziwi alikuwa mmoja tu, Mwamerika James Denison. Mkutano ulikata shauri kwamba kusema kwa kinywa ni bora kuliko ishara, na kwamba ishara zisitumiwe shuleni. Tangu hapo walimu viziwi waliachishwa kazi katika nchi nyingi, na watoto walioonekana wakiongea kwa mikono waliadhibiwa. Mambo yalikaa hivyo karibu miaka 100. Hatimaye, mwaka 2010, mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, uliyakataa maazimio ya Milan na kueleza majuto kwa madhara yaliyotokana nayo.

Yafaa kuuliza: watu wale wa Milan walikuwa wabaya? La. Wengi wao waliwapenda wanafunzi wao. Alexander Graham Bell, aliyejulikana kwa uvumbuzi wa simu, mama yake alikuwa haisikii sauti ila kwa shida, na mke wake alikuwa kiziwi tangu utotoni. Hata hivyo mwaka 1883 alionya mbele ya wataalamu wa Marekani kwamba viziwi wakizidi kuoana wao kwa wao, patatokea aina ya watu viziwi. Akataka watawanywe kati ya wasikiao na wafundishwe kusema. Mtu aweza kumpenda kiziwi kwa moyo wote, na bado akawa amejiwekea akilini kwamba mwanadamu wa kawaida ni yule tu afananaye naye. Upendo huo ndio uliowatawala Milan, na ndio uwatawalao wazazi wengi hata leo wasemapo kwamba wataka mtoto wao awe “kama wenzake”.

Kosa lilikuwa katika kipimo. Kutazama midomo ni kazi ngumu kuliko wasikiao wanavyodhani, kwa maana sauti nyingi hutengenezwa ndani ya kinywa zisikoonekana. Msomaji aweza kujaribu mbele ya kioo. Aseme polepole, pasipo kutoa sauti, “baba”, kisha “mama”, kisha “papa”. Midomo hufanya kitendo kimoja katika yote matatu. Vivyo hivyo “pata” na “bata”. Mtu aliyekwisha kuijua lugha aweza kubahatisha neno kwa kufuata maana ya maneno mengine, lakini mtoto asiyejua lugha yoyote atabahatisha kwa kitu gani? Miaka mingi ilitumiwa kumfundisha mtoto kutamka maneno machache, na katika miaka hiyo mwenzake asikiaye alikwisha kujifunza hesabu, habari za nchi, na sababu za mambo.

Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu katika chuo cha Gallaudet mjini Washington, alitoa kitabu kuonyesha kwamba ishara za viziwi si michezo ya kuigiza. Kila ishara hujengwa kwa umbo la mkono, mahali pake mwilini, na mwendo wake, kama vile neno lijengwavyo kwa sauti. Lugha ya ishara ina sarufi yake, ina mzaha wake na mashairi yake. Mambo hayo viziwi walikuwa wakiyajua siku zote.

Kisiwa Ambako Wote Walitumia Ishara

Karibu na pwani ya Massachusetts, Marekani, kuna kisiwa kiitwacho Martha’s Vineyard. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 hadi katika karne ya 20, walizaliwa huko viziwi wengi, kwa kuwa koo chache zilizohamia kisiwani zilikuwa na mbegu ya uziwi, na watu wake walioana wenyewe kwa wenyewe. Katika karne ya 19, Marekani nzima ilikadiriwa kuwa na kiziwi mmoja katika watu wapatao 5,700. Katika mji wa Chilmark, kisiwani humo, alikuwapo mmoja katika kila watu 25.

Watu wa kisiwa hicho hawakuita mkutano wala kutunga sheria. Walijifunza ishara tu, wasikiao kwa viziwi, kama vile watoto wa Mombasa wajifunzavyo lugha za majirani zao mtaani. Wavuvi walizitumia kuzungumza kutoka chombo hadi chombo, mahali ambapo sauti haifiki. Watoto wasikiao walizitumia kupiga porojo nyuma ya mgongo wa mwalimu. Viziwi walilima, walivua, walioa, na walishiriki katika mashauri ya mji. Mwanachuoni Nora Ellen Groce alipowauliza wazee wa kisiwa habari za watu hao, wazee walimtaja mtu kwa kazi yake na tabia yake. Habari ya uziwi wake ilikuwa jambo la kukumbushwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1985. Kiziwi wa mwisho wa ukoo huo alikuwa amekwisha kufa mwaka 1952.

Afrika nayo ina mahali pa namna hiyo. Katika kijiji cha Adamorobe, nchini Ghana, uziwi wa kurithi umekuwapo kwa vizazi vingi, na wasikiao wengi wa hapo huijua lugha ya ishara ya kijiji. Lakini hata huko mambo hayakuwa mepesi: katika miaka ya 1970 mkuu wa kijiji alitoa amri viziwi wasioane wao kwa wao, ili idadi yao ipungue. Twapata mafunzo mawili hapo. Kwanza, ukawaida haukai sikioni mwa mtu. Hutengenezwa na watu wamzungukao. Masikio ya viziwi wa Chilmark hayakuwa bora kuliko ya viziwi wa Boston, bali majirani zao ndio waliokuwa bora. Pili, watu waweza kuzungumza na kiziwi kila siku, na bado wakatamani wenye hali yake wasizaliwe tena.

Habari za Kenya

Nchini Kenya, Chama cha Watoto Viziwi kiliundwa mwaka 1958, na miongoni mwa shule za kwanza zilikuwa zile za Mumias na Nyangoma, zilizoanza mwaka 1961. Kwa muda wa miaka mingi shule za Kenya zilifuata njia ya kinywa na midomo, kama ilivyoamuliwa Milan. Lakini watoto wakikusanywa mahali pamoja hawakosi kuzungumza. Darasani walitazama midomo ya mwalimu. Uwanjani na bwenini waliongea kwa mikono. Jambo kama hilo lilitokea pia Nicaragua, ambako watoto viziwi waliokusanywa katika shule ya Managua tangu mwaka 1977 walijitungia lugha nzima ya ishara ambayo hakuna mwalimu aliyewafundisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 shule za Kenya zilianza kukubali ishara pamoja na maneno. Katiba ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi. Ibara ya 7 yaitaka Serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, ibara ya 54 yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, na ibara ya 120 yasema kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Basi lugha iliyoadhibiwa katika viwanja vya shule sasa ni lugha rasmi ya Bunge. Mzazi aonaye haya mwanawe akiongea kwa mikono sokoni yafaa akumbuke jambo hilo.

Mgeni Katika Nyumba ya Baba Yake

Kila nyumba yenye mtoto kiziwi hujitungia ishara chache: kula, kulala, njoo, ng’ombe, mvua. Wazazi hufurahi na kusema kwamba wanaelewana na mtoto wao. Lakini ishara hizo hutosha kuagiza tu, hazitoshi kueleza. Bibi yake afariki. Mtoto aona watu wanalia, aona sanduku likiteremshwa shimoni, naye hana wa kumwambia kwamba aliye ndani ni bibi, kwamba hatarudi, na kwamba si kosa la mtu. Mtoto aumwa na tumbo, hawezi kumwambia daktari maumivu yalianza lini. Mtu mwovu amdhuru, hawezi kumtaja. Haya ndiyo matunda ya kukosa lugha. Mtoto aliyekosa lugha miaka ya kwanza huona shida baadaye kusoma, kuhesabu siku, na kupanga mambo yajayo, hata kama akili aliyozaliwa nayo ni kali. Watu humwita mjinga, kumbe amenyimwa chombo cha kufikiria.

Shule ya bweni huponya tatizo hili na kuleta lingine. Shule za viziwi ni chache, na nyingi ziko mbali na nyumbani. Mtoto mdogo huondolewa kwa mama yake, na kule shuleni hupata lugha, rafiki, na watu wakubwa viziwi wa kuwaiga. Kisha likizo hufika. Mtoto hurudi nyumbani na mikono iliyojaa habari, asipate hata mmoja wa kumwelewa. Ndugu zake wacheka mezani. Auliza kwa macho wachekea nini. Aambiwa kwa ishara, “baadaye”, na baadaye haiji. Huwa mgeni katika nyumba ya baba yake. Kosa hapo si la shule. Nyumba ndiyo isiyojifunza.

Chombo cha Kusikilizia na Upasuaji

Mtoto mwenye masalio ya kusikia aweza kusaidiwa sana na chombo cha kuvaa sikioni, ambacho hukuza sauti. Kwa mtoto ambaye chombo hicho hakimfai, kuna upasuaji wa kupandikiza chombo cha umeme katika sikio la ndani. Sehemu ya nje hunasa sauti na kuigeuza kuwa ishara za umeme. Sehemu ya ndani huupeleka umeme huo moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Mwaka 1990 Serikali ya Marekani iliruhusu chombo hicho kwa watoto wa miaka 2 na zaidi. Katika Afrika ya Mashariki pia upasuaji huo umefanywa. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliuanza mwaka 2017.

Mwaka 1991 Chama cha Taifa cha Viziwi cha Marekani kilipinga vikali ruhusa ile. Hoja yao ilikuwa kwamba mtoto kiziwi si mgonjwa wa kutengenezwa, na kwamba wazazi wasikiao walikuwa wakishauriwa na madaktari peke yao pasipo kusikia ushahidi wa mtu kiziwi hata mmoja. Wazazi nao walijibu kwamba mtoto ni wao, na kwamba kungoja mpaka akue achague mwenyewe ni sawa na kumchagulia, kwa maana chombo hufaa zaidi kikitiwa mapema. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Miaka ilipopita maneno yalipoa, na mwaka 2000 chama hicho kilikubali kwamba wazazi wana haki ya kuchagua, mradi wapewe habari zote.

Habari zote ni hizi. Chombo hicho hakimrudishii mtu masikio ya kuzaliwa. Mtoto huhitaji miaka ya mazoezi ili maana ya sauti imwingie. Betri, vipuri, na safari za kwenda kukirekebisha ni gharama isiyokwisha. Wako watoto ambao wamefaulu sana wakasoma na wasikiao, na wako ambao faida yao ilikuwa kidogo. Hakuna awezaye kumhakikishia mzazi mtoto wake atakuwa upande upi. Usiku mtoto akivua chombo, au kikiharibika, yeye ni kiziwi vilevile. Kwa hiyo mzazi anayechagua upasuaji hana sababu ya kumnyima ishara. Wapo washauri waliowaambia wazazi kwamba ishara zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Lakini mtoto wa Kenya hujua lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza, wala lugha moja haimfukuzi mwenzake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu wazitambua lugha za ishara kuwa ni lugha kama zisemwazo kwa kinywa, na kuzitaka nchi zilizoutia sahihi kurahisisha kufundishwa kwake.

Mambo ya Kufanya

1. Mtoto apimwe mapema. Kila mwezi ni mali.

2. Lugha isingoje. Siku ile ile uziwi unapojulikana, wazazi waanze kujifunza Lugha ya Ishara, hata kama bado wanafikiri juu ya chombo au upasuaji, na hata kama wanaendelea kumwombea mtoto.

3. Nyumba nzima ijifunze: baba, nyanya, kaka na dada. Mama akijifunza peke yake, mtoto atakuwa na mtu mmoja tu duniani wa kuzungumza naye.

4. Wazazi watafute watu wazima viziwi, mafundi, walimu, wakulima, wenye watoto wao, wakawaulize habari za utoto wao. Hao ndio mashahidi wa njia ambayo mtoto ataipita. Tena mtoto kiziwi asiyemwona kiziwi mzee aweza kudhani kwamba viziwi wote hufa wangali wadogo, au kwamba akikua ataanza kusikia.

5. Mtoto apewe kazi, maonyo na wajibu sawa na ndugu zake, na kila mara aelezwe sababu. Huruma isiyomfundisha kitu humlemaza kuliko uziwi.

6. Watoto wote wachanjwe surua na rubela, usaha wa masikio utibiwe, na dawa kali zisitumiwe pasipo daktari.

Kipimo kimoja chaweza kuwasaidia wazazi katika kila shauri litakalotolewa kwao, liwe la daktari, la mwalimu, au la jamaa. Wasiulize kama njia hiyo itamfanya mtoto afanane na wengine. Waulize: je, akifika miaka 5 mtoto huyu ataweza kusema ni nini kimemwuma, kuuliza kwa nini, na kuelewa atakapojibiwa? Njia yoyote isiyoweza kuahidi hayo, hata ikisifiwa namna gani, haifai kufuatwa peke yake.

Maswali ya Kujadiliana

1. Kwa nini mtoto kiziwi huadhibiwa mara nyingi kabla uziwi wake haujajulikana?

2. Katika wajumbe 164 wa Milan, kiziwi alikuwa mmoja. Je, ni mikutano gani ya siku hizi iamuayo mambo ya watu ambao hawamo?

3. Watu wa Martha’s Vineyard walifanya nini ambacho kijiji chochote cha Kenya chaweza kufanya?

4. Baba mmoja asema, “Nitajifunza ishara baada ya kuona kama chombo kitamfaa mwanangu.” Ajibiwe nini?

5. Ni viziwi wangapi wakaao karibu nawe, nawe wamjua yupi kwa jina lake?